Namna nnavyorivyu gemu za mezani, leo ni zamu ya bao la kete

Assalaam alaykum jamani, karibuni tena. Leo nipo barazani kwetu Wete, kwa hiyo mkisikia honda zinapita nyuma huko au mtu anaagiza kahawa msijali, ndio maisha yenyewe. Kwenye komenti za vidio iliopita mmeniuliza sana, wewe gemu unazirivyu vipi, mbona wengine wanafungua boksi, wanasifu michoro, wanatoa nyota tano, washamaliza? Basi leo ntakuonesheni hatua kwa hatua, na situmii gemu ya Ulaya, natumia bao, hili hili la babu zetu, tulikague kama vile limefika jana na boti kutoka Unguja. Wa kucheza nae ni babu huyu hapa, jirani yetu, kanambia sura yake isitoke kwa hiyo mtaona mikono tu.

Haya, hatua ya kwanza, hesabu vitu vyako. Usicheke, hesabu! Mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, safu mbili zako mbili za mwenzio. Kete 64, kila mtu 32. Hizi zetu ni komwe zenyewe, za kijivu, ngoja nisogeze simu... mnaziona zilivyong'ara? Hizo zimesuguliwa na mikono ya watu miaka na miaka, hakuna kiwanda kinachokupa mng'aro huo. Kwanini nasisitiza kuhesabu, mie nshawahi kucheza jioni nzima na kete 63, moja iko chini ya mkeka, halafu nikasema mchezo haujakaa sawa. Mchezo ulikuwa sawa, mie ndie nilokuwa sijakaa sawa.

Hatua ya pili, panga. Tizama safu yako ya mbele, hili shimo la mraba ndio nyumba, ni la tano ukihesabu kutoka kushoto kwako. Nyumba itie kete sita, shimo la kulia yake mbili, linalofuata mbili. Zilobaki 22 weka pembeni, hizo ndio za kunamulia, utakuwa unatia moja moja kila zamu yako. Babu nae kapanga hivyo hivyo kwa upande wake. Sasa angalia kitu kimoja hapa, mie kilinichukua muda kukiona: kwa vile tumeelekeana, kulia kwake ni kushoto kwangu, mashimo yangu yenye kete hayaelekeani na yake hata moja. Kwa hiyo anaeanza hawezi kula, yaani kuchukua kete za shimo la mwenzio linaloelekeana na lake, lazima atakase, yaani acheze bila ya kula. Mtu aliebuni mpango huu alikuwa na akili, kamnyima wa kwanza ule ubwete wa kuanza.

Hatua ya tatu, soma sheria mara mbili, na kama sheria hazijaandikwa, kaa na anaezijua. Hapa ntakiri kosa langu. Mliokuwepo mwanzo mnakumbuka nilivyoiponda Catan, ile gemu ya Kijerumani ya 1995 ya kisiwa cha vipande 19. Nikasema ikitoka saba kwenye dadu mnapoteza karata ovyo, gemu ya kukatisha tamaa. Kumbe sisi kila saba ikitoka tulikuwa tunatupa nusu wote, hata mwenye karata tatu, na sheria inasema anaetupa ni yule mwenye zaidi ya saba mkononi tu! Na saba ndio namba inayotoka kuliko zote ukirusha dadu mbili, njia 6 kati ya 36, sasa pigeni picha tulivyokuwa tukiteseka. Nimeifuta ile vidio. Aibu ilikuwa yangu si ya Catan.

Sasa tucheze. Naanza mie. Nachukua kete moja ya pembeni, naitia shimo hili la kulia ya nyumba, zilikuwa mbili zimekuwa tatu, nazichota zote. Nikizipeleka kulia, moja hapa, moja kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, moja nakata kona inaangukia safu ya nyuma, shimo tupu, nalala, salama kabisa. Nikizipeleka kushoto, moja inaingia nyumba, moja hapa, moja hapa, tupu, nalala. Lakini tizama zilipoangukia! Hii kete moja ya katikati imeelekeana na nyumba ya babu, yenye sita zake.

"Nenda kushoto uone," babu anasema.

Naenda kushoto, kwa ajili yenu. Haya babu kashatia kete nyumbani kwake, kala kamoja kangu, kakapeleka kichwa, kalala. Kamoja tu, lakini tishio langu kalivunja kwa zamu moja, na hata hakufikiri, mkono wenyewe ulikwenda. Na kumbuka kula si hiari, ukiweza kula lazima ule, hata kama kula kwenyewe kunakuponza, na mafundi ndipo wanapokutegea.

Sitokuonesheni mchezo wote, kunamua peke yake ni zamu 22 kila mmoja kabla hamjaingia mtaji, ile hatua ya kete za pembeni zikishaisha, na mtaji nao una mambo yake, kuna vidio yake nyengine inakuja inshaallah. Mshindi ni yule aliemmaliza mwenzie safu ya mbele au kamuacha hana pa kucheza.

Hatua ya nne ndio yenyewe hasa: usitoe maoni mpaka umefungwa. Mie gemu yoyote nataka nifungwe si chini ya mara tatu, tena na watu mbalimbali, mana ukishinda kila gemu ni tamu. Ukishafungwa jiulize, je unataka kupanga tena sasa hivi au unatafuta viatu? Bao nimefungwa na babu huyu mara ambazo hazina idadi na bado nipo hapa. Na unajua kwa nini umefungwa, mana hakuna dadu, hakuna karata ya kujificha, kete zote ziko wazi, huna wa kumsingizia.

Halafu angalia mgeni anachukua muda gani kuelewa. Hapa ndipo bao linapopoteza. Carcassonne, ile gemu nyengine ya mezani ya vipande 72, nilimfundisha dada yangu kwa dakika tano, unachukua kipande, unakiunga, unaweka kijitu chako, basi, japo kwenye kuhesabu wakulima mwisho wa gemu tuligombana kidogo. Dhumna ndio usiseme, kete 28, wanne saba saba, mtoto anashika siku moja, na raha yake nusu ni ule mshindo wa kuipiga kete mezani. Sasa mfundishe mtu kimbi, kichwa, takasa, safari, nyumba inalala lini... Rafiki yangu alikaa na mie jioni tatu, ya nne hakuja.

Na kuna la watazamaji. Bao barazani hulichezi peke yako, nyuma yako kuna watu sita na kila mmoja anaguna. Wengine wanasema hiyo ndio raha, mie nasema miguno ile inatoa siri, nikiiona njia nzuri tu nasikia mtu nyuma "mmh", babu kashajua. Hili silikatii maksi lakini nnalisema.

Maksi zangu: dhumna saba, Carcassonne nane, Catan naipa saba na nusu baada ya kuitubia, bao tisa. Moja nimekata kwa ajili ya yule rafiki yangu.

"Kwani yeye ndie anaecheza?" babu anauliza. Kaguseni komenti mumjibu, mie nshachoka nae.

Haya, adhana ya Magharibi hiyo. Nyumba yangu ishaliwa wakati nakuongelesheni, mmeona? Nazima simu, kete jamani msiziguse, tukirudi ni zamu yangu.