Sokwe wa Gombe na Sokwe wa Jeshi

ZAWADI: Karibuni tena, tuko hewani kutoka Kigoma mjini. Leo, kaka Juma, ni habari za sokwe, ila si hawa wa msitu wa Gombe, wa kupanda boti pale Kibirizi ukawaone.

JUMA: Leo ni wale wa jeshini. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na maabara ya tiba Holloman, New Mexico. Tangu miaka ya 1950 lilikusanya sokwe wachanga kutoka Afrika, lijue mwili wa rubani unahimili vipi kasi na hewa pungufu.

ZAWADI: Ham akiwemo, yule sokwe aliyerushwa anga za juu.

JUMA: Huyo alitoka Kameruni. Taa ya buluu ikiwaka, ana sekunde 5 asukume wenzo. Akiwahi, kidonge cha ndizi. Akichelewa, anapigwa shoti kwenye nyayo. Tarehe 31 Januari 1961 wakamrusha anga za juu, dakika 16 na nusu, akaangukia Atlantiki akiwa hai.

ZAWADI: Hebu tulia hapo kwenye tarehe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka Gombe Julai 1960. Mwaka haujaisha, ameshamwona yule dume mwenye ndevu za kijivu, David Greybeard, akichuma kijiti, akikipukutisha majani, akikichomeka kwenye kichuguu, akitoa mchwa. Huku kwetu sokwe anaonekana akitengeneza zana, kule mwenzake anafungwa mikanda kitini!

JUMA: Lakini dada, Mei mwaka ule ule wa 1961 Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu, akaruka. Elimu ilipatikana.

ZAWADI: Ilipatikana, sibishi. Ninachokataa ni kuanzia hesabu ya mateso siku ya kurushwa. Sokwe mchanga habanduki kwa mama, hivyo mara nyingi wawindaji humuua mama kwanza. Flint wa Gombe alikuwa na miaka 8 mama yake, Flo, alipokufa mwaka 1972. Aligoma kula, akadhoofu, akafa wiki chache baadaye. Na huyo alikuwa msituni kwao! Ham alichukuliwa umri wa kunyonya.

JUMA: Na kiinua mgongo chake? Mwaka 1963 akapelekwa bustani ya wanyama Washington, akakaa miaka 17, sehemu kubwa peke yake. Wengine walikodishwa kwa maabara za magonjwa. Jeshi lilipojitoa kwenye mambo ya sokwe miaka ya 1990, sokwe 111 walikabidhiwa maabara ya Coulston. Mtaalamu wa sokwe, Carole Noon, alilishtaki jeshi mahakamani ndipo 21 wakapata makao Florida.

ZAWADI: Inaniuma sana.

JUMA: Sasa ni zamu ya mbuzi na nguruwe. Wanapigwa nusu kaputi, wanajeruhiwa makusudi, matabibu wa jeshi la Marekani wanajifunza kuzuia damu. Hapa Kigoma tumepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo. Jeraha la risasi linataka mkono uliozoea.

ZAWADI: Linataka, ndiyo. Lakini kuna midoli ya mafunzo inayotoka damu bandia, na nchi nyingi za NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya, zinafundisha bila mnyama. Askari wao hawaachwi wavuje damu.

JUMA: Basi mliotumikia jeshi upande wa tiba, tutumieni ujumbe wa sauti. Mlijifunzia wapi kufunga jeraha?