Waya wa Chini

NJERI: Karibuni tena, tuko Nakuru. Otieno, wiki jana ulikuwa kwa mjomba wako Gilgil, mkikagua ua wa umeme. Hebu anza na ile sauti.

OTIENO: Tik. Inatulia kidogo, tik tena. Mashine inayoupa ua umeme haiutoi mfululizo. Inapiga kama mara moja kwa sekunde, na pigo lenyewe ni fupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Volti ni 5,000 hadi 10,000, lakini kwa kuwa pigo ni fupi hivyo, ng'ombe anaruka tu, hafi.

NJERI: Mbona ndege anatua kwenye waya huo huo na hashtuki?

OTIENO: Hagusi udongo, dada. Umeme unataka njia ya kurudi: mwili wa mnyama, kwato, udongo, halafu ile nondo iliyopigiliwa ardhini karibu na mashine. Kiangazi udongo ukikauka, makali yanapungua, kwa hiyo mjomba huimwagia nondo maji. Nilimwona ndama akinyoosha pua, ile pua mbichi yenye unyevu. Tik! Akarudi nyuma hatua nne, macho yamemtoka. Jioni tulizima mashine tukakaza waya, na bado hakukaribia.

NJERI: Ndiyo siri yake. Ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru una zaidi ya kilomita 70, na kifaru akiamua anaziangusha zile nguzo. Kinachomzuia ni kukumbuka maumivu.

OTIENO: Tembo ndiye mgumu. Kule Laikipia wapo wanaokata waya kwa pembe, maana pembe haipitishi umeme vizuri.

NJERI: Mimi anayeniuma ni kobe. Ng'ombe akipigwa hukimbia. Kobe hujificha ndani ya gamba, palepale, waya ukiwa mgongoni. Anapigwa kila sekunde mpaka anakufa. Kakakuona naye hujiviringa akaukumbatia waya. Afrika Kusini wanakufa hivyo wengi.

OTIENO: Nilimkuta kobe mmoja hivyo, Njeri. Waya wa chini ulikuwa kama shubiri moja tu kutoka ardhini. Nilidhani ni jiwe, nikataka kulisogeza kwa mguu.

NJERI: Pole, kaka. Mkafanyaje?

OTIENO: Tuliupandisha waya ule hadi sentimita 30, nguzo baada ya nguzo, siku nzima. Mjomba alihofia ngiri watapita chini yake. Nikamwambia ngiri huchimba hata hivyo.

NJERI: Mlifanya vyema. Na wasikilizaji, tafadhali: msichukue stima ya nyumbani mkaifunga kwenye seng'enge kuzuia nyani au wezi wa mahindi. Ile ya nyumbani ni volti 240 zisizopumzika. Misuli inakaza, mkono unashindwa kuachia waya. Mtoto akifuata mpira hapo, harudi.

OTIENO: Kabisa. Mashine maalumu, au usiweke.

NJERI: Na mjomba sasa?

OTIENO: Bado anafyeka nyasi chini ya ua, maana zikigusa waya umeme unavuja. Ila siku hizi kila akiona jiwe, anainama kwanza.