Teriyaki ya nyumbani: ipua mapema!

Karibuni tena jikoni, wapenzi. Leo ni mchuzi wa teriyaki, ule wa Kijapani, mtamu wenye chumvi chumvi, unaofanya samaki au kuku ang'ae mpaka unatamani kumla kwa macho.

Sufuria ndogo yenye kitako kizito. Soya sosi vijiko 6 vya chakula, mirini 6, sake 6, sukari 3. Basi, hivyo tu. Soya iwe ile ya Kijapani ya kawaida. Ile nzito, nyeusi tii ya Kichina itakupa lami.

Sasa, mirini na sake zote ni za mchele na zote zina kilevi. Mirini halisi ina kama asilimia 14, na kuchemsha hakukimalizi chote. Kwetu haiingii, kwa hiyo mimi naweka maji vijiko 12 badala yake, na sukari naongeza vijiko 6 vile vidogo vya chai. Kung'aa unapata vilevile, maana sukari ndiyo inayong'arisha. Wanga wa mahindi siuweki kabisa, unaufanya mchuzi uwe mzito kabla haujaiva ladha.

Mtaniuliza tangawizi na kitunguu saumu. Hiyo ni teriyaki ya Hawaii na Seattle, Wajapani waliohamia huko ndio walioizoea hivyo. Kwenye kuku wa kuchoma, weka, tena weka nyingi. Kwa samaki naomba msiweke, acheni soya isikike.

Koroga, washa moto wa kati. Ukichemka tu, punguza. Na hapa jamani, msiende popote. Simu weka chini.

Angalieni povu. Mwanzo ni dogo dogo, jepesi, linapasuka haraka... Ngoja, mvuke umejaa kwenye kioo. Naipua sufuria kwanza, ndiyo nafuta kamera. Sufuria kwanza! Haya, narudisha. Mnaona sasa? Mapovu yamekuwa makubwa, yanapanda taratibu, yanang'aa. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia inabaki kidogo, kisha inajifunga. Ipua. Ipua sasa hivi.

Najua utauona bado mwepesi. Ndivyo unavyotakiwa kuwa! Ukipoa utakuwa mzito wenyewe. Ukisubiri uwe mzito ukiwa bado jikoni, ukipoa unakuwa peremende, mwiko unasimama. Nusu dakika tu inatosha kuuharibu, na ukiungua unakuwa mchungu, hata maji hayauokoi. Kwa hiyo ipua ungali mwepesi.

Kuku sasa. Mapaja yasiyo na mfupa, ngozi chini, kaanga mpaka ngozi ikauke iwe kahawia, geuza, yaive kabisa hadi ndani. Mafuta yaliyotoka yafute yote kwa karatasi ya jikoni, maana mchuzi haushiki kwenye mafuta, unateleza. Ndipo umwage vijiko vitatu vinne, mwishoni kabisa, ukimchotea kuku juu juu. Ukimwaga mwanzoni, sukari inaungua kabla nyama haijaiva.

Sikieni hiyo sauti! Geuza mara moja, toa.

Uliobaki mimina kwenye chupa safi, kavu, ukishapoa ndipo ufunike. Kwenye friji wiki mbili unakaa vizuri. Ukiganda sana, ongeza kijiko cha maji ya moto, koroga, endelea.