Meno ya Lisa: sizoni ya nne ya The Simpsons na bili za nyumbani

Habari za jioni ndugu zangu, wakubwa shikamooni, asanteni kwa kuja na mvua hii. Nimeombwa niongee na nyie mnaoandika vichekesho kuhusu katuni za watu wazima, nikaanza na orodha ndefu ya mambo ya kusema, mwisho nikaifuta yote nikabaki na sizoni moja tu, ya nne ya The Simpsons, katuni ya familia ya baba Homer, mama Marge na watoto wao wakiwemo Bart na Lisa, sizoni ile iliyoanza kurushwa kwenye kituo cha Fox kule Marekani Septemba 1992 ikaisha Mei 1993, episodi 22. Nimeichagua hiyo kwa sababu naamini kabisa ukiielewa utajua kicheko cha watu wazima kinatoka wapi, na mimi nasema kinatoka kwenye bili.

Ngoja nieleze. Januari 1992 rais wa Marekani wakati huo, George H. W. Bush, alisimama mbele ya watangazaji wa dini jijini Washington akasema anataka familia za Marekani zifanane zaidi na akina Walton kuliko akina Simpson. Akina Walton ni familia ya kwenye tamthilia ya zamani, watu wa kijijini wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, wacha Mungu, wanatakiana usiku mwema mmojammoja kabla ya kulala. Basi siku chache tu baadaye Fox wakawa wanarudia episodi ya zamani, wakachomeka kipande kipya mwanzoni, familia imekaa kwenye kochi inaangalia hotuba hiyohiyo, halafu Bart anajibu kwamba mbona sisi tunafanana nao tu, hata sisi tunaomba mdororo uishe. Nimelifikiria sana hilo jibu jamani. Hakujitetea kwamba sisi ni watoto wema, hakumtukana rais, alitaja hali ya mfukoni basi. Na sizoni ya nne, iliyokuja kama miezi nane baadaye, mimi naiona ni jibu lilelile limetandazwa.

Angalieni wenyewe. Msingi wa nyumba unazama upande mmoja, hela ya fundi hakuna, Marge anaenda kuomba kazi kulekule kwenye mtambo wa nyuklia anakofanya mume wake. Homer ameshinda tiketi ya kupanda puto kubwa la bia ya Duff, ndoto yake ya siku nyingi, anaiuza ili binti yake alipiwe kiingilio cha shindano la urembo kwa sababu mtoto anajiona mbaya. Hata ile ya treni ya reli moja ambayo kila mtu anaijua, aliyoandika Conan O'Brien, inaanzia kwenye hela: bwana Burns, mwenye ule mtambo, kapigwa faini ya dola milioni 3 kwa kutupa taka za nyuklia, mji umepata pesa haujui uzifanyie nini, Marge anasema tutengeneze barabara, anakuja mtu na wimbo mzuri anawauzia treni wasiyoihitaji.

Na kuna sababu ya kikazi kabisa, hii muiandike. Katuni ya namna ile huwezi kuiandika Jumatatu ikaenda hewani Ijumaa. Skripti inaandikwa, waigizaji wanarekodi sauti, michoro inapangwa Los Angeles, halafu kazi kubwa ya kuchora picha moja moja na kupaka rangi inaenda Korea Kusini, inarudi, wanaikata, wanaandika upya vichekesho vilivyolala, inapita zaidi ya nusu mwaka. Sasa ukichekesha kwa habari ya leo, ikifika kwenye tivii ishaoza. Kwa hiyo Al Jean na Mike Reiss, waliokuwa wanaongoza chumba cha waandishi sizoni hiyo, pamoja na wenzao, wakawa wanahitaji kitu kisichooza, na hela ya daktari haiozi, ada haiozi, paa linalovuja haliozi. Leo ni zaidi ya miaka 30 na mimi nikiiangalia sihitaji mtu anieleze mazingira ya 1993.

Sasa twende kwenye meno maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Episodi inaitwa Last Exit to Springfield, ya tarehe 11 Machi 1993, waandishi Jay Kogen na Wallace Wolodarsky. Bwana Burns anapitia mkataba wa wafanyakazi, anakuta kuna bima ya meno, anataka ifutwe. Wakati huohuo Lisa, mtoto wa miaka minane, kapelekwa kwa daktari wa meno ameambiwa anahitaji waya za kunyoosha meno. Marge anamwambia Homer, Homer anamwambia usijali, tulishapigania bima ya meno kwenye mgomo ule wa zamani. Hivyo vitu viwili vinatembea kila kimoja kivyake.

Halafu mkutano wa chama cha wafanyakazi. Inasomwa ofa ya Burns, mtaachia bima ya meno mtapewa pipa la bia. Ukumbi mzima unashangilia, watu wanakimbilia bia, na Homer naye yumo, bia mkononi. Lenny, mfanyakazi mwenzake, anasema kwaheri bima ya meno. Hapo sasa kichwani kwa Homer zinaanza sauti mbili, ya Lenny inasema bima ya meno, ya Marge inasema Lisa anahitaji waya, bima ya meno, Lisa anahitaji waya, bima ya meno, Lisa anahitaji waya, inarudiwa na kurudiwa mpaka unapita ule mpaka wa kawaida wa kichekesho, unaacha kucheka, halafu unaanza kucheka tena, na yeye bado anahangaika kuunganisha. Ikimuingia, anasimama kupinga ule mkataba, na palepale mkutanoni anachaguliwa kiongozi wa chama.

Mimi nimeirudia hiyo sehemu sijui mara ngapi na kila mara nagundua kwamba kinachonishika ni kwamba yule baba siyo mjinga kuhusu mtoto wake. Ni mzito wa hesabu tu. Mapenzi yapo tayari, yanasubiri akili ifike. Mwandishi mvivu angemfanya Homer asijali, ndiyo njia rahisi ya kuandika baba mlevi, tunaiona kila siku, lakini wangefanya hivyo pasingekuwa na sababu ya mgomo, na sisi tusingekuwa upande wake.

Na bei inaonekana kwa macho. Bima ikiwa imekwama Lisa anawekewa waya za bei ya chini kabisa, mavyuma makubwa yamemzunguka kichwa chote, na daktari anawaambia ni za zamani kabla ya chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo zisiguse maji. Sekunde chache tu hizo! Mtoto, mdomo wake mwenyewe, asiuloweshe! Mle ndani kuna umaskini wote wa kwenda hospitali na hela pungufu ukapewa kile kinachoendana na hela yako. Nimewahi kukaa kwenye benchi la zahanati na mwanangu nikasomewa bei tatu za dawa ileile, nikachagua ya tatu, na mtoto ananiangalia usoni. Nilivyokuja kuiona tena hii sehemu nilinyamaza.

Mgomo wenyewe siwezi kuusimulia wote. Ila kuna pale Burns anakumbuka 1909, mtambo wa babu yake wa kuvunja atomi kwa nyundo, kijana anapekuliwa mifukoni anakutwa na atomi sita anaburutwa nje, na huku anaburutwa anatabiri kwamba siku moja wafanyakazi wataungana wapate haki zao, halafu wakishazipata watabweteka. Waandishi wangeweza kuacha utabiri nusu ya kwanza wakapigiwa makofi. Wakaweka na nusu ya pili, maana dakika chache nyuma tumewaona hao hao wanauza meno yao kwa pipa la bia. Burns akizima umeme mji mzima, Lisa anashika gitaa nje ya mtambo na yale mavyuma mdomoni anaimba kwamba wao wana mtambo lakini sisi tuna nguvu, wafanyakazi wanashikana mikono gizani wanaimba naye, na Burns anakubali yaishe, bima inarudi, kwa sharti kwamba Homer aachie uongozi. Homer anafurahi mpaka anazunguka sakafuni, na Burns, aliyekuwa anamwona ni mjanja wa kutisha kwenye mazungumzo, ndipo anaanza kushtuka.

Kuna kijana hapo mbele aliniuliza kabla hatujaanza, kwamba ukiweka shida za kweli namna hiyo kwenye katuni si utawahuzunisha watu. Swali zuri na ninalijibu kwa episodi nyingine ya sizoni hiyohiyo, ya Desemba 1992, Homer anaugua moyo. Burns akidhani kafa anaagiza mjane apelekewe paja la nguruwe, akiambiwa yu hai anasema basi lisiende. Daktari Hibbert anamwambia upasuaji ni dola 30,000, Homer moyo unamshika tena palepale, daktari anasema samahani, sasa ni 40,000. Mnaona hiyo hesabu? Bei yenyewe inamuumiza na maumivu yanapandisha bei. Anaishia kwa Daktari Nick wa kwenye tangazo la tivii, upasuaji wowote dola 129 na senti 95.

Sasa usiku wa kuamkia upasuaji wa namna hiyo, wanafanyaje kuhusu huzuni? Hawaikimbii. Watoto wanaletwa kitandani, Homer anatakiwa awaage na hana maneno, hajui cha kumwambia Lisa. Bart anamsogelea sikioni anamnong'oneza, Homer anarudia kama alivyoambiwa, kwamba wewe tulikuokota na mimi sikupendi, anashtuka, Bart! Tumecheka. Bart anasogea tena, ananong'ona mara ya pili, na Homer anarudia taratibu kwamba usiogope, una kaka mkubwa anakupenda na atakuangalia siku zote.