Waacheni Wanafunzi Waende Uwanjani

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu wa michezo, wazazi na wanafunzi, Tororo, Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi ambao, kama nilivyoambiwa mlangoni, mmeruhusiwa kuja kunisikiliza kwa sababu uwanja umejaa maji ya mvua: nawasalimu nyote. Wale mlionisikia Mbale na Soroti mnajua ninakoelekea, na mna ruhusa ya kusinzia hadi nitakapofika kwenye masufuria.

Sitapoteza muda kueleza kwamba kandanda ya shule ndiyo inayolisha mpira wa nchi hii. Vijana wetu wa chini ya miaka 20 walifika fainali ya Afrika nchini Mauritania mwaka 2021, na wale wa chini ya miaka 17 wakafuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia nchini Qatar mwaka 2025. Mnajua wengi wao walijifunzia mpira wapi. Hoja yangu inawahusu wasiovaa jezi. Nasema kwamba shule inayopeleka wachezaji 20 uwanjani na kuwafungia wanafunzi 1,000 madarasani haijaenda kucheza, bali imeenda kujitangaza ili mwaka unaofuata wazazi wapange foleni mlangoni na karo zao.

Matokeo yake tunayaona. Mchezaji wa basari, yaani anayelipiwa karo ili acheze, huletwa Februari kutoka wilaya nyingine, hulazwa katika bweni la peke yake, hula kwa saa yake, hufanya mazoezi wenzake wakiwa darasani, na ikifika mwaka wa pili hunyakuliwa na shule nyingine yenye basari nono zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha pili hamjui kwa jina. Tunamtaka amshangilie kwa lipi? Halafu mwalimu mkuu hushangaa kwamba timu yake inapocheza nyumbani, kelele zote zinatoka upande wa wageni.

Nendeni Jumamosi alasiri katika mji wowote wa Uganda mwone mpira uko wapi. Kibanda cha video kimejaa hadi mlangoni, vijana wamebanana kwenye mabenchi, mmoja amevaa jezi ya Arsenal na mwingine ya Manchester United, na wanazozana juu ya beki ambaye hawajawahi kumwona kwa macho yao, ilhali hatua chache kutoka pale timu ya shule yao inacheza mbele ya mbuzi wawili na muuza aiskrimu mwenye baiskeli. Simlaumu kijana, kwa kuwa kibandani hakuna anayemfukuza. Lakini tazameni wenye mpira huo wanavyolinda vya kwao. Tangu miaka ya 1960 Waingereza wana utaratibu kwamba Jumamosi, kuanzia saa nane na dakika 45 hadi saa kumi na moja na robo kwa saa za kwao, hakuna kandanda inayoonyeshwa moja kwa moja katika televisheni za nchi hiyo, ili watu wasibaki nyumbani na kuviacha viwanja vya timu ndogo vitupu. Kwa hiyo mechi ya saa tisa alasiri ambayo mkazi wa Manchester haruhusiwi kuitazama sebuleni kwake, mtoto wa Tororo anaitazama kibandani kwa shilingi chache. Wao wanalinda majukwaa yao, nasi tunawasaidia kuyamaliza ya kwetu.

Wamarekani nao, ambao mpira wao ni ule wa kofia ngumu na kugongana mabega, wana sheria ya utangazaji wa michezo ya mwaka 1961, iliyopanuliwa baadaye ili izilinde shule za sekondari. Ligi yao kubwa ya kulipwa ikitangaza mechi Ijumaa usiku au Jumamosi, kati ya Septemba na Desemba, katika eneo lililo ndani ya maili 75 kutoka mahali shule zinapochezea, hupoteza kinga ya kisheria inayoiruhusu kuuza haki za matangazo za timu zake zote kwa pamoja. Ndiyo maana ligi hiyo huuepuka usiku wa Ijumaa katika miezi hiyo, na usiku huo unabaki kuwa wa shule: bendi za shule zinapiga tarumbeta, wanafunzi wana sehemu yao jukwaani, na mwenye duka na mchungaji wa kanisa wanakaa safu moja. Najua kuna aliyekwisha kuinua mkono kuniambia kwamba wale wana pesa. Wanazo, na wakati mwingine zinawalevya: mji wa Allen, huko Texas, ulijenga uwanja wa shule ya sekondari wenye nafasi 18,000 kwa takriban dola milioni 60, ukafunguliwa mwaka 2012, na kabla ya miaka miwili kutimia ukafungwa kwa sababu zege lilikuwa limepasuka. Mimi sisemi tuige dola milioni 60. Nasema tuige Ijumaa.

Sasa nifike kwenye masufuria. Shule siitaji jina, iko katika wilaya mojawapo ya mashariki, na mwalimu mkuu wa wakati ule hanisalimii vizuri hadi leo. Timu yake ilikuwa nzuri kweli, na siku hiyo ilikuwa inacheza nyumbani mechi ya kuamua nani atakwenda ngazi ya mkoa. Wageni walikuja na lori la kubebea mchanga, wanafunzi wamesimama nyuma wameshikana mabega, na katikati yao ngoma za kadodi zilizoanza kulia kabla lori halijavuka lango. Wenyeji walikuwa wamefungiwa darasani kwa ajili ya mitihani ya majaribio, mwalimu wa zamu akipita kwenye baraza na fimbo, na kila ngoma ilipopanda, vichwa vilipanda madirishani na fimbo ikavishusha.

Wenyeji walifunga kwanza. Yule mfungaji, kijana mwembamba wa winga ya kulia, alikimbia hadi kwenye bendera ya kona akiwa amefungua mikono, kama anavyowaona wachezaji wakubwa wakifanya, akafika pale akakuta nyasi. Akasimama. Akainama akavuta soksi zake, ambazo hazikuwa zimeshuka, kisha akarudi katikati ya uwanja akitembea. Mimi niliiona mechi ikigeuka pale pale, ingawa ubao ulikuwa unasema moja kwa bila.

Kipindi cha pili kadodi haikupumzika, na wageni wakasawazisha. Hapo ndipo wakatoka akina mama wa jikoni. Walikuwa watatu, na aproni zao, wamebeba vifuniko vya masufuria yale makubwa ya kupikia posho, yaani ugali, wakaanza kuvipiga kwa miko na kuimba wimbo wa harusi ambao kila mtu wa upande ule anaujua, isipokuwa jina la bibi harusi waliliondoa wakaweka la shule. Askari wa getini akaacha geti akajiunga nao. Ndugu zangu, watu wanne! Na timu ile ikaamka. Golikipa alianza kupiga makofi kuwahimiza mabeki, winga wetu akagonga mwamba, na kwa muda wa robo saa hivi wageni hawakuvuka nusu ya uwanja.

Kisha akaja mhasibu wa shule, amejishika kiuno, kuwauliza akina mama ni nani anayekoroga posho. Hakuna aliyekuwa anaikoroga. Wakarudishwa jikoni mmoja mmoja, uwanja upande wetu ukanyamaza, na kabla ya kipenga cha mwisho wageni wakafunga kwa kichwa kutoka kona. Jioni ile shule nzima ilipewa posho iliyoungua, sahani zikaruka, meza tatu zikavunjwa, na polisi wakaitwa. Kwa hiyo fujo ambayo mwalimu mkuu aliiogopa uwanjani aliipata bwaloni, tena bila hata raha ya kuiona mechi.

Mtaniambia kwamba walifungwa kwa sababu beki alimwacha mtu wake kwenye kona. Ni kweli alimwacha. Lakini mwaka 2020, ligi za Ulaya ziliporejea bila mashabiki wakati wa korona, faida ya kucheza nyumbani ilipungua kwa namna iliyoonekana wazi, hasa Ujerumani, na watafiti waliochunguza mechi hizo waliona waamuzi wakiwapa wageni kadi chache kuliko ilivyokuwa kawaida mbele ya majukwaa yaliyojaa. Ikiwa watu wazima wanaolipwa mamilioni wanaguswa na sauti za jukwaani, sembuse mtoto wa miaka 16 ambaye mama yake yuko mbali huko Karamoja.

Kuhusu fujo, nakiri kwamba zipo. Tumeona mawe, tumeona uwanja ukivamiwa baada ya penalti, tumeona mtu akimwaga vitu vya ajabu golini usiku wa kuamkia mechi. Lakini mahali palipotokea fujo, ulizeni mashabiki walipangwaje. Mara nyingi utakuta wageni na wenyeji wamechanganywa upande mmoja, hakuna kamba, mstari wa pembeni umefunikwa na miguu ya watu hadi mshika kibendera hana pa kukimbilia, na walimu wote wamekaa kwenye hema na soda. Fungeni kamba umbali wa hatua kadhaa kutoka mstarini, wapeni wageni upande wao, walimu wasimame katikati ya wanafunzi badala ya hemani, na kila shule iwe na kiongozi wa nyimbo aliyechaguliwa na kufundishwa kama mnavyomchagua nahodha, mtu anayejua kwamba wimbo wa kumtukana mwamuzi hauanzishwi na kwamba timu ikifungwa ndipo sauti inapopandishwa. Na anayedhani dawa ya mashabiki ni milango iliyofungwa na moshi wa kutoa machozi akumbuke Accra, tarehe 9 Mei 2001: polisi walifyatua moshi huo kuelekea jukwaani, watu wakakimbilia milango wakaikuta imefungwa, wakafa 126. Walikuwa wamekuja kutazama mpira.

Kuhusu masomo, shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari 2022, na tangu hapo walimu wengi wanakimbizana na silabasi kama watu wanaodaiwa. Hofu hiyo naielewa na siidharau. Lakini ninachoomba ni alasiri moja ya Ijumaa, tena kwa mechi za nyumbani tu, ambazo hazihitaji basi wala posho ya safari, kwa hiyo msinirudie na hoja ya pesa. Tena angalieni ninyi wazazi mnavyoishi. Waliosoma katika shule za Budo na Kisubi wana ligi zao za wanafunzi wa zamani, na Jumapili utawakuta mawakili na madaktari wenye vitambi wakikimbia dakika kumi kabla ya kuomba kubadilishwa, wake na watoto wakiwashangilia, nyama ikichomwa pembeni. Hakuna aliyewaambia kwamba mpira unawapotezea muda wa kusoma majalada ya kesi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nitayakimbiza yaliyobaki. Wasichana. Kawempe Muslim ni shule, na wasichana wake wamekuwa mabingwa wa ligi ya wanawake ya taifa wakicheza na klabu za watu wazima. Crested Cranes, timu yetu ya taifa ya wanawake, walikwenda Morocco mwaka 2022 kwenye fainali za Afrika. Pamoja na hayo, katika shule nyingi za mchanganyiko mechi ya wasichana inachezwa saa nane jua likiwa kali, ili iishe kabla ya wavulana, na wavulana hao hao wanaotaka kushangiliwa wanakaa kivulini wakifunga kamba za viatu vyao. Anzeni na wavulana saa nane, wasichana wacheze saa kumi, kwa muhula mmoja tu, mwone jukwaa litajaa saa ngapi.

Kuhusu waamuzi nilikuwa na kurasa nne, na kuhusu vuvuzela kurasa mbili. Niulizeni wakati wa maswali, lakini walimu wakuu wasubiri. Wanafunzi ndio waanze.