Mikoko haipandwi kwa ajili ya picha
(Mhadhara kwa walimu wa jiografia, Mikindani)

Walimu wenzangu, mnanijua: matope tena. Anayetaka kucheka acheke.

Watu hushuka pwani na fulana mpya, wakachomeka mikoko, wakapiga picha. Bamvua mbili baadaye (bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) hakuna kitu, na lawama anabebeshwa mbuzi. Mbuzi hana kosa! Kosa ni mahali. Lile tope tupu upande wa bahari si shamba lililosahauliwa. Mkoko ungekuwa unapapenda pale, ungeshaota wenyewe. Miti ya mikoko ni aina nyingi, kila mmoja na mahali pake. Mbele, upande wa bahari, hukaa mlilana, mizizi yake imechomoza juu kuvuta hewa. Mkoko wenyewe, ule wenye miguu kama buibui, uko nyuma yake. Mkandaa, aina nyingine, uko juu zaidi, kuelekea nchi kavu. Ukiutanguliza mkoko mbele ya mlilana, maji yanaufunika muda mrefu, wadudu wa magamba wanaganda shinani kama saruji, na wimbi la kusi linaulaza.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda, pimeni. Chukua kamba, piga fundo kila mita 5, ivute kutoka alama ya bamvua hadi maji yalipopwa. Kila fundo, andika kuna mti gani, tope au mchanga. Juu ya ukurasa weka tarehe, umri wa mwezi, saa ya kupwa, upepo. Ndipo muokote mbegu ya mkoko: ile ndefu kama kijiti, shingo imegeuka manjano, haina tundu la mdudu. Theluthi moja iingie topeni, ncha chini, chipukizi juu. Msicheke, huwa inapandwa kichwa chini. Mche na mche mita 1.

Mtasema mtihani hauulizi mlilana. Sawa. Lakini mtoto anayechora delta ya Mississippi bila kufuta, na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650, ipo jirani tangu mwaka 2000, amefundishwa nini?

Na mkiiandikia magazeti pwani hii: futeni "mandhari ya kuvutia", wekeni yale mliyoandika kwenye kila fundo. Basi.

Uwanda wa Makonde, ile nchi ya juu nyuma yetu, nilitaka kuugusa, namna mchanga unavyokunywa mvua juu na maji yakatokea mitelemkoni, lakini muda hautoshi. Leo ni bamvua, maji yatapwa kabisa saa nne na nusu. Wenye viatu vya ngozi waviache hapa mlangoni.