Rozela mezani: kiashiria cha asidi na besi pale litmasi inapokwisha

Walimu wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za kazi. Simu nimeiegemeza kwenye rundo la madaftari ambayo bado sijasahihisha, kwa hiyo picha ikiinama katikati mtanivumilia.

Angalia mezani. Hii ni rozela kavu, wengine tunaiita choya, ile ile ya juisi. Pembeni kuna limau, siki, mtindi, kipande cha magadi, bakuli la majivu ya kuni, sabuni ya unga, bomba la sindano lililotolewa sindano yake, na karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga. Maabara yetu ya leo ndiyo hiyo, na mada ni asidi na besi.

Ukitafuta mtandaoni namna ya kutengeneza kiashiria cha nyumbani, yaani kitu kinachobadili rangi kikikutana na asidi au besi, utaambiwa uchukue kabichi la zambarau. Mimi kabichi hilo nimekutana nalo hotelini tu, tena limekatwa vipande vidogo juu ya sahani. Rozela inauzwa sokoni kwa kikombe, na rangi yake ni ya ukoo mmoja na ya kabichi lile: anthosiyanini. Na mwanafunzi akikuambia hizi ni mbinu za shule isiyo na hela, mwambie Robert Boyle alishaandika mwaka 1664 kwamba sharubati ya maua ya urujuani huwa nyekundu ikikutana na asidi na kijani ikikutana na alikali, yaani besi inayoyeyuka majini. Litmasi yenyewe ya dukani, ile rangi ya karatasi za kupimia asidi na besi, asili yake ni viumbe vinavyoota juu ya mawe na magome ya miti.

Tuanze. Chukua konzi moja ya rozela, weka kwenye sufuria, mimina nusu lita ya maji ya moto, funika. Maji ya mvua ndiyo mazuri. Kama shule yenu inatumia kisima chenye maji ya chumvi, usiyatumie hapa. Yatunze, tutayahitaji baadaye kama sampuli. Subiri robo saa, kisha chuja. Usitie sukari. Nasema hivyo kwa sababu kuna mwaka nilimwachia kiranja jagi ofisini, nikarudi nikakuta ameshakoroga sukari na nusu imenyweka.

Wakati rozela inaiva, andaa maji ya majivu. Vijiko vitatu vya majivu kwenye kikombe cha maji, koroga, acha yatuame, halafu mimina taratibu yale maji ya juu tu. Bibi zetu walilainishia mboga kwa maji haya, ila usiyadharau: yakiwa mazito yanachoma ngozi, na jichoni ni hatari kabisa. Magadi nayo saga kijiko kimoja, yeyusha kwenye kikombe kingine.

Sasa sogea karibu, maana hapa ndipo wengi tunaharibu.

Mara yangu ya kwanza nilijaza glasi kwa juisi ya rozela, nikadondoshea maji ya sabuni. Matone matano, hamna kitu. Kumi, hamna kitu. Darasa zima limenyamaza linanitazama, na glasi nyekundu vilevile. Kumbe rozela yenyewe ni asidi. Ndiyo maana ni chachu mdomoni. Ukiwa nayo nyingi, inaimeza besi yako yote na rangi haitikisiki. Kwa hiyo geuza mpangilio: sampuli iwe nyingi, rozela iwe kidogo. Matone kumi ya sampuli, tone moja la rozela. Ukitaka, wafanyie wanafunzi kosa hili makusudi, uwaulize kwa nini rangi imegoma. Linafundisha kuliko nusu ya somo.

Ubao wetu wa majaribio ni huu. Tandika karatasi nyeupe juu ya dawati, juu yake laza nailoni. Kwenye karatasi ya chini nimechora viduara na kuandika majina: limau, siki, mtindi, maji ya mvua, maji ya kisima, sabuni, magadi, majivu. Matone yanakaa juu ya nailoni, maandishi yanasomeka chini. Darasa la wanafunzi 80 unaligawa makundi kumi na sita ya watano watano, na kikombe kimoja cha kila sampuli kinatosha wote. Mrija wa soda ni kidondoshio kizuri: chovya, ziba juu kwa kidole, legeza kidogo.

Kabla ya tone lolote la rozela kushuka, simamisha kila kitu. Kila kundi liandike linachotarajia. Usiwape majibu, na usioneshe rangi hata moja. Waache wabishane kwa Kiswahili kwanza: hiki kichachu, hiki kinateleza kama sabuni, hiki kichungu. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, najua, lakini ukiwalazimisha Kiingereza dakika ya kwanza watanyamaza wote isipokuwa wawili wa mbele. Istilahi za Kiingereza uzipandishe ubaoni baada ya ubishi kupamba moto. Na wakumbushe: kuonja ni marufuku. Uchachu wa limau wanaujua tangu nyumbani.

Haya, dondosha. Limau: nyekundu ya kung'aa. Siki: nyekundu vilevile. Mtindi: waridi, kama midomo iliyopakwa rangi. Maji ya mvua: waridi iliyofifia. Sasa tazama maji ya kisima... umeona? Yameelekea zambarau. Hapa kelele zitaanza, kwa sababu wengi watakuwa wameandika kwamba maji ni maji. Magadi: bluu iliyochanganyika na kijani. Majivu: kijani. Sabuni ya unga: kijani pia.

Rangi ziandikwe papo hapo. Kwenye besi kali ile kijani haidumu, inachakaa na kuishia rangi ya chai, na kundi lililochelewa litakuletea jibu tofauti halafu uanze kuamua kesi.

Mpangilio huo wa rangi sasa uunganishe na kipimo cha pH, yaani namba zinazoonesha ukali wa asidi au besi. Aliyekileta ni Søren Sørensen, mwaka 1909, akiwa kwenye maabara ya kiwanda cha bia huko Copenhagen. Wanafunzi wanapenda sana kusikia kwamba ni kiwanda cha bia. Tumia uamsho huo kuwaambia jambo gumu: kushuka namba moja kwenye kipimo ni asidi kuongezeka mara 10, na kushuka mbili ni mara 100. Kwa upande wa besi mfano wetu uko nyumbani. Maji ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, yanaweza kuvuka pH 10, na heroe wanazaliana humo humo. Ukiwa na kipande cha magadi mkononi unapolisema hilo, darasa linaelewa unazungumzia nini.

Kundi linalomaliza mapema lisikae bure. Chukua robo ya kidonge cha kiungulia, saga, weka kwenye kifuniko cha chupa chenye maji kidogo, tia matone mawili ya rozela. Wekundu unapotea. Vuta siki kwenye bomba la sindano hadi mililita 5, kisha dondosha tone moja moja huku ukikoroga kwa njiti. Wekundu utarudi, halafu utatoweka tena, kwa sababu unga wa kidonge ulio chini bado unayeyuka na kupambana na siki. Endelea mpaka nyekundu ikae, nusu dakika bila kukimbia. Soma bomba limepungua mililita ngapi. Rudia kwa kidonge cha aina nyingine, mlinganishe. Hapo wameshafanya jaribio la kupimanisha asidi na besi bila bureti, ule mrija wa maabara wenye alama za mililita, na wakija kuishika bureti siku ya mtihani wa vitendo watakuwa wanajua jicho lao linatafuta nini.

Mambo mawili ya usalama, na haya sina utani nayo. Kuna mwanafunzi atakayependekeza maji ya betri ya gari. Hapana, hiyo ni asidi ya salfuriki, inatoboa sare na inaunguza ngozi. Mwingine ataleta jiki. Jiki haitakupa rangi yoyote, itaifuta tu rozela yako, na ikikutana na siki au limau inatoa gesi ya klorini. Isiingie kabisa chumba hiki.

Ukitaka vipande vya kupimia kama litmasi, loweka kwenye maji ya rozela kitambaa cheupe cha pamba kilichosuuzwa vizuri hadi sabuni yote itoke, kianike kivulini, kikate vipande vyembamba. Mimi nilianza na karatasi za kawaida za kuchapia, nikashangaa zinakauka zambarau badala ya waridi. Karatasi hizo mara nyingi huwekwa kalsiamu kaboneti kiwandani, nayo ni besi. Nimeziweka kabatini hata hivyo. Huwa nawapa wanafunzi kipande kimoja na swali moja tu: nani ameigusa karatasi hii kabla yangu?

Juisi iliyobaki usiitunze wiki nzima, inaota ukungu. Bora uhifadhi rozela kavu kwenye kopo na kuloweka upya kila kipindi. Nailoni inasuuzwa na kutumika tena. Maji ya majivu yaliyobaki yaongezewe maji mengi kabla ya kumwagwa, tena mbali na maua ya mwalimu mkuu.